Euler, mhamiaji wa Basel na namba yake ya siku 31

NAMBA 2,147,483,647 ni namba tasa. Maana yake ni kwamba ukiwa na magunia ya mahindi ya idadi hiyo, huwezi kuyapanga katika mafungu yanayolingana kwa namna yoyote ile, isipokuwa uyaache yote fungu moja au kila gunia lisimame peke yake. Magunia 12 yanakubali kugawanywa: mafungu mawili ya sita sita, matatu ya manne manne. Magunia 13 yanakataa. Haya ya bilioni mbili na ushee nayo yanakataa, na mtu aliyelithibitisha jambo hilo alikuwa mzee wa miaka 65, karibu kipofu kabisa, aliyekuwa akiishi mbali na mji aliozaliwa.

Jina lake Leonhard Euler, na hutamkwa Oila. Nimeamua kuwaletea habari zake kwa sababu darasani kwangu, huku Makamba, wamo watoto wengi wa abahungutse, wale waliorudi kutoka Tanzania na wazazi wao au wakiwa mgongoni mwa wazazi wao. Mimi mwenyewe ni mmoja wa waliorudi. Nilisomea Mishamo kwa Kiswahili, nikarudi mwaka 2008, nikaanza kufundisha hisabati kwa Kifaransa nilichojifunza ukubwani. Watoto hawa wana fikra moja inayonisumbua sana: kwamba elimu kubwa ni ya watu waliokaa mahali pamoja, na aliyehamahama amekwisha kuachwa nyuma. Basi na tumtazame huyu mhamiaji.

Alizaliwa Aprili 15, 1707 katika mji wa Basel, Uswisi. Fungua ramani uone: Basel ni mji wa mpakani hasa. Mto Rhine unapita kati yake, na Ufaransa na Ujerumani ziko pua na mdomo. Wenzetu wa Mugina na Manyovu wasidhani kwamba nazungumza habari za sayari nyingine. Baba yake, Paul Euler, alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti, naye alitaka mwanawe awe mchungaji vilevile. Kijana alikulia Riehen, kijiji cha jirani, na alipofika miaka 13 akaingia Chuo Kikuu cha Basel.

Huko alikuwapo Johann Bernoulli, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ulaya ya wakati ule. Bernoulli hakuwa na nafasi ya kumfundisha mtoto wa mchungaji masomo ya pembeni. Alimwagiza vitabu akasome mwenyewe, na Jumamosi mchana alimruhusu aje aulize pale alipokwama. Nasema kama mwalimu: sijaona utaratibu wa masomo ya ziada unaoushinda huo, na hauhitaji hata chaki. Baadaye Bernoulli ndiye aliyemshawishi baba amwachie kijana afuate hesabu.

Mwaka 1727 nafasi ya kufundisha fizikia ilitokea Basel. Euler aliomba, akakosa. Alikuwa hajatimiza miaka 20. Aprili 5 ya mwaka huo alipanda chombo kuteremka Mto Rhine, akaendelea kwa gari la farasi, kisha kwa meli, mpaka St Petersburg, mji mkuu wa Urusi wa wakati huo, ambako Akademia mpya ya Sayansi ilikuwa ikiwatafuta wasomi wa nje. Hakuiona Basel tena hadi kufa kwake.

Alifika Mei, siku zile zile Malkia Catherine wa Kwanza alipofariki, na serikali ilikuwa katika mtafaruku. Mgeni yeyote anajua maana yake kufika nchi ya watu wakati aliyekualika ameondoka. Kwa muda alipata riziki kama luteni wa tiba katika jeshi la majini la Urusi, ingawa aliyekuwa kichwani mwake hakuwa mgonjwa bali ni namba. Mwaka 1730 akawa profesa wa fizikia. Mwaka 1733 akashika nafasi ya hisabati iliyoachwa na rafiki yake Daniel Bernoulli, mwana wa yule mwalimu wake, aliyekuwa amechoka na Urusi akarudi kwao Basel. Huyo alirudi, Euler akabaki. Akajifunza Kirusi akaweza kukisema na kukiandika, jambo ambalo maprofesa wengi wa kigeni hawakujisumbua nalo.

Mwaka 1734 alimwoa Katharina Gsell, binti wa mchoraji ambaye naye alitoka Uswisi. Walijaliwa watoto 13. Ni watano tu waliovuka utoto.

Namba tasa zilimwingia kwa njia ya barua. Desemba 1729 mwenzake wa Akademia, Christian Goldbach, alimwuliza kama anajua kwamba Mfaransa Pierre de Fermat, aliyekufa mwaka 1665, aliamini namba za aina fulani zote ni tasa. Unachukua 2, unaizidisha kwa yenyewe mara 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kisha unaongeza moja. Unapata 3, 5, 17, 257, 65,537, na zote hizo kweli ni tasa. Inayofuata ni 4,294,967,297. Fermat aliamini nayo ni tasa, na kwa karibu miaka 100 hakuna aliyemkatalia. Mwaka 1732 Euler alionyesha kwamba namba hiyo ni 641 mara 6,700,417. Chukua kalamu uzidishe, utaona. Siyo kwamba alijaribu kigawo kimoja kimoja bila mpango. Alikuja kueleza baadaye kwamba kigawo tasa cha namba ile lazima kibakize 1 ukikigawanya kwa 64. Kwa hiyo nyingi unaziruka bila kuzigusa, na 641 ni ya tano tu katika zile tasa zinazostahili kujaribiwa.

Hapo ndipo pana siri ya mtu huyu. Wengine walikuwa wakigawanya. Yeye kwanza aliuliza ni vigawo gani haviwezekani.

Mwaka 1735 alipata jibu la swali lililowashinda akina Bernoulli, linaloitwa hadi leo tatizo la Basel: ukijumlisha 1, robo, moja ya tisa, moja ya 16 na kuendelea bila kikomo, unafika wapi? Jibu ni pai mara pai, gawanya kwa sita. Mji uliomnyima kazi ukapata jibu lake kutoka Urusi. Mwaka huo huo homa kali nusura imwue, na kufikia mwaka 1738 jicho la kulia lilikuwa limekufa.

Mwaka 1741, siasa za St Petersburg zilipochafuka, alikubali mwito wa Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia, akahamia Berlin. Alikaa huko miaka 25. Mfalme alipenda watu wa maneno matamu na dhihaka, na Euler alikuwa mtu wa ibada, wa watoto na wa kazi. Mfalme alimwita jitu la jicho moja, kama lile la hekaya za Kigiriki. Mtu mzima anayemcheka kipofu nusu, hata awe mfalme, kwetu tungemwita mtovu wa adabu.

Ndugu zangu wafanyabiashara watalipenda jambo hili. Wakati wa vita vya Urusi na Prussia, mwaka 1760, majeshi ya Urusi yaliingia hadi kwenye viunga vya Berlin yakapora shamba la Euler huko Charlottenburg. Warusi walipotambua shamba hilo ni la nani walimlipa fidia, na malkia wao akaongeza zawadi juu yake, hata alichopewa kikazidi alichopoteza. Wangapi kati yetu tuliacha mashamba mwaka 1972 au 1993, na bado twazunguka na makaratasi?

Mwaka 1766 Catherine wa Pili wa Urusi alimwita tena, na Euler akarudi St Petersburg akiwa na miaka 59. Baada ya muda mfupi mtoto wa jicho akaingia katika jicho la kushoto, lile lililobaki. Mwaka 1771 alipasuliwa, akaona kidogo, kisha jicho likaoza na giza likatanda. Mwaka huo huo moto uliteketeza mamia ya nyumba mjini, na ya Euler ikiwamo. Kipofu alikuwa ndani. Aliyeingia motoni akambeba begani mpaka nje alikuwa Peter Grimm, fundi aliyetoka Basel kama yeye. Watu wa kwao walikuwapo hata kule kwenye theluji, na nadhani waliokaa makambini hawahitaji kuelezwa jambo hilo.

Karibu nusu ya maandishi yake, ambayo kwa jumla yanazidi 800, yalitoka baada ya mwaka ule wa 1766. Alikuwa akisema, wengine wakiandika: mwanawe Johann Albrecht, Anders Lexell, na kuanzia 1773 Nicolas Fuss, kijana mwingine wa Basel. Kitabu chake cha aljebra, kilichotoka kwanza kwa Kirusi kisha kwa Kijerumani mwaka 1770, alimsomea mtumishi wake, kijana aliyefundishwa ushonaji, ambaye hakujua hesabu zaidi ya zile za kawaida. Inasimuliwa katika dibaji ya kitabu hicho kwamba walipomaliza, yule fundi cherehani alikuwa ameielewa aljebra yenyewe. Nimekuwa mwalimu miaka mingi, na bado namwonea wivu Euler kwa mwanafunzi huyo.

Sasa turudi kwenye namba yetu. Chukua mwezi wa siku 31, tuseme Januari. Tarehe mosi weka akiba faranga 1, tarehe pili faranga 2, tarehe tatu faranga 4, na kila siku mara mbili ya jana. Wiki ya kwanza utakuwa na faranga 127, hata nauli haitoshi. Jioni ya tarehe 31 ukihesabu zote, utakuwa na faranga 2,147,483,647 kamili. Ndiyo namba ya Euler.

Ukifanya hivyo katika mwezi wa siku 30, jumla yake inagawanyika kwa 3. Februari ya siku 28, vivyo hivyo. Februari ya siku 29 inatoa 536,870,911, na hiyo inaonekana ngumu, kwa maana haigawanyiki kwa namba yoyote ndogo tunayoizoea. Mtaliano Pietro Cataldi aliihesabu miongoni mwa namba tasa, na ni Euler aliyekuja kuonyesha, miaka ile ya 1730, kwamba sivyo: ni 233 mara 1,103 mara 2,089. Cataldi huyo huyo aliitaja na ile ya siku 31. Mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne naye aliiweka katika orodha yake ya mwaka 1644, lakini orodha hiyo ilikuwa na makosa, kwa hiyo kuwamo humo hakukuthibitisha lolote. Euler mwenyewe, akiwa Berlin mwaka 1752, alimwandikia Goldbach kwamba hana hakika nayo. Ilimchukua miaka 20 mingine.

Ugumu uko wapi? Ili kuhakikisha namba ni tasa, unatakiwa kujaribu vigawo tasa vyote hadi kipeuo chake cha pili, ambacho hapa ni 46,340 na kitu. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni takriban 4,800. Kuzigawanya zote kwa mkono, katika namba ya tarakimu kumi, ni kazi ya miezi, na kosa moja linaharibu yote. Euler alifunga milango. Alionyesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Kinachobakiza kitu kingine chochote hakina haja ya kuguswa. Kwa kanuni hiyo zinabaki namba 372 tu za kujaribu, na kati ya hizo nyingi si tasa zenyewe, kwa hiyo unazitupa. Ya kwanza inayostahili ni 311. Wenye simu za mkononi wajaribu: 311 inaingia mara 6,905,092, na inabaki 35. Haigawanyiki. Ndivyo ilivyokuwa kwa zote zilizofuata.

Mwaka 1772 alilieleza jambo hilo katika barua kwa Johann Bernoulli wa Tatu, mnajimu wa Berlin na mjukuu wa yule mwalimu wa Jumamosi. Kabla ya hapo, namba iliyoongoza katika aina hii ilikuwa 524,287, ambayo Cataldi aliithibitisha mwaka 1588.

Euler alifariki Septemba 18, 1783. Siku hiyo alimfundisha mjukuu wake hesabu, akapiga mahesabu ya kupaa kwa maputo, jambo lililokuwa jipya kabisa mwaka ule, akazungumza na Lexell kuhusu njia ya sayari Uranus iliyokuwa imegunduliwa miaka miwili nyuma. Jioni damu ilivuja kwenye ubongo, akafa. Alizikwa St Petersburg. Uraia wa Basel hakuuacha maisha yake yote, na inasemekana hata uzeeni alikisema Kijerumani kwa lafudhi ya Basel. Mimi pia Kirundi changu kina Mishamo ndani yake, na wanafunzi wananicheka. Waswisi walimkumbuka kwa namna ambayo wabadilisha fedha wa mpakani wataithamini: sura yake iliwekwa kwenye noti ya faranga 10 ya Uswisi iliyoanza kutolewa mwaka 1979.

Namba yake nayo ikaendelea na safari. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba huenda hiyo ndiyo namba kubwa zaidi ya aina yake itakayopata kugunduliwa, kwa kuwa namba hizi ni za udadisi tu, hazina faida, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Barlow alikuwa mtu makini, lakini hapo aliteleza mara mbili. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha namba tasa ya tarakimu 39 kwa mkono. Oktoba 2024 ilitangazwa nyingine, iliyopatikana kwa kompyuta, yenye tarakimu 41,024,320. Gazeti zima hili halitoshi kuiandika, wala toleo la mwaka mzima.

Kuhusu faida, mwaka 1977 wataalamu watatu waliokuwa Marekani, Rivest, Shamir na Adleman, walibuni njia ya kuficha ujumbe kwa kutumia namba tasa kubwa mbili zilizozidishwa pamoja, na kanuni inayoifanya ifunguke upande wa pili ni ya Euler. Njia hiyo imelinda siri nyingi za benki zinazopita kwenye intaneti. Wanaoniuliza sokoni kwa nini mtoto ajifunze vigawo, wakati mashine ya kuhesabu ipo, huwa nawajibu hivyo, kisha nawauzia daftari la mazoezi.

Na ile 2,147,483,647 yenyewe imejificha ndani ya kompyuta. Mashine nyingi zilitengenezwa zikihifadhi namba katika nafasi 32 za sifuri na moja. Nafasi moja ni ya kuonyesha chanya au hasi, zinabaki 31, kama siku za Januari. Kwa hiyo namba kubwa kuliko zote ambayo nafasi hizo zinaweza kubeba ni ile ile ya Euler. Mwaka 2014 wimbo mmoja wa Korea ulitazamwa katika mtandao wa YouTube mara nyingi mno, hata wenye mtandao wakalazimika kuipanua hesabu yao ipite kiwango hicho.

Mifumo mingi ya zamani huhesabu muda kwa sekunde tangu Januari 1, 1970. Mipya imeongezewa nafasi, lakini ile ambayo haitarekebishwa itajaa sekunde ya 2,147,483,647 itakapofika. Hiyo itakuwa Januari 19, 2038. Upande wa Manyovu itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, na kwetu Mugina, ambako saa zetu ziko nyuma kwa saa moja, itakuwa saa kumi na moja na dakika 14 alfajiri.